Nani Atazipuliza Taa?

Kila asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya mabohari ya mahindi, Nakhungu alikwenda bombani na debe lake. Bomba lilikuwa moja tu kwa landi zote za reli, zile nyumba za safu za wafanyakazi, na wasichana wa Kitale walilifanya baraza lao. Walicheka, walisukana nywele, walisimuliana ya jana. Nakhungu aliliweka debe lake mwisho wa mstari, akalisogeza kila mstari uliposogea, mpaka zamu yake ilipofika. Kisha alijitwisha, akarudi. Kama debe lile lingekuwa na miguu, lingeweza kwenda na kurudi peke yake, wala hakuna ambaye angeona tofauti.

Hakuwa mwenyeji. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na kwao kulikuwa Matulo, ambako mtu hulala huku akisikia Mto Nzoia ukinguruma kwa mbali. Mwezi wa Novemba mama yake alishikwa na ugonjwa wa kifua, akalazwa katika hospitali ya misheni kule Lugulu. Baba akabaki na kazi mbili kubwa, kumwuguza mama na kuwatunza ng'ombe. Ndipo shangazi yake, Lenah, alipokuja kumchukua.

"Utakaa kwangu mpaka mama yako apate nguvu," Lenah alimwambia.

Nakhungu alimwita Senge, kama Wabukusu wanavyomwita dada ya baba. Senge Lenah alikuwa mwanamke mkubwa wa mwili na mkubwa wa sauti. Kanisani aliwaongoza akina mama. Nyumbani alimwongoza kila mtu, pamoja na mumewe, fundi wa reli, aliyejua kunyamaza wakati wa kunyamaza.

Senge hakumnyima kitu. Alimpa blanketi na sweta, na siku ya Krismasi alimkatia ule upande wa mkate wenye ukoko ambao watoto wote huupigania. Upweke wa Nakhungu haukuwa wa tumbo. Ulikuwa wa masikio. Usiku alitega masikio ausikie mto, akasikia mabehewa yakigongana. Mchana alitega masikio asikie jina lake likiitwa, akasikia la Dinah.

Dinah alikuwa binti ya Senge, msichana wa miaka kumi na mitatu mwenye marafiki wengi na maneno mengi zaidi. Rafiki yake mkubwa alikuwa Chepkorir, na hao wawili walikuwa chanda na pete.

"Ati kwenu Matulo hakuna stima?" Dinah alimwuliza siku ya kwanza, mbele ya wenzake. "Sasa mnafanya nini jua likizama? Si mnalala na kuku?"

Wasichana wakacheka. Ukweli ni kwamba ndani ya landi pia hapakuwa na umeme. Koroboi ya Senge ilitoa moshi ule ule uliotolewa na koroboi ya Matulo. Lakini mgeni hana ulimi wa kuwajibu wenyeji.

Siku chache kabla ya Krismasi hiyo ya mwaka 1950, habari moja ilifika bombani, na debe la Chepkorir likafurika bila yeye kuona. Bustani ya mji, ile iliyozungushiwa ua wa michongoma karibu na barabara kuu, ilikuwa imetundikwa taa za sikukuu. Siku zote watoto wa landi waliipita bustani ile kwa nje, wakiona vilele vya miti tu. Sasa ilisemwa kwamba siku moja baada ya Krismasi, tangu jua kuzama mpaka kengele ilie, lango lingekuwa wazi kwa watoto wote.

Nakhungu aliposikia hayo, moyo ulimruka kwa mara ya kwanza tangu atoke kwao. Aliwaza kwamba ataziangalia vizuri sana taa hizo, na atakaporudi nyumbani atamsimulia mama moja baada ya nyingine. Mama alipenda kusimuliwa. Kwa kweli Nakhungu hakuwa na mtu mwingine wa kumsimulia.

Jioni ya siku hiyo ya taa ilipofika, Senge Lenah alisimama mbele ya landi, kitambaa cheupe kichwani, akawapanga watoto wa majirani. Hakuwahesabu. Kwa Wabukusu, kama kwa majirani zao wengi, watoto wa watu hawahesabiwi. Wazee walisema kwamba ukiwahesabu unaita macho mabaya, na hesabu ikishajulikana huanza kupungua. Senge alikuwa Mkristo wa miaka mingi, wala hakuogopa macho ya mtu yeyote, lakini jambo hilo hakuliacha. Alikuwa na njia yake mwenyewe ya kuwalinda watoto njiani.

"Mkubwa ashike mdogo," aliagiza. "Mkono kwa mkono. Nikiita 'Mko na wenu?', kila mkubwa ajibu 'Wangu yuko!' Na usijibu kwa sababu umemwona. Jibu kwa sababu umemshika. Mmesikia?"

"Tumesikia!"

Dinah na Chepkorir walishikana wao kwa wao, na Senge akajifanya haoni. Wengine walishika wadogo zao. Nakhungu alisimama mwisho, mikono imening'inia, hana wa kushika. Ndipo jirani yao Bilha, mwanamke kutoka Nyeri aliyeuza kabichi na viazi sokoni, alipotoka mbio akimvuta binti yake Mwihaki. Mtoto huyo alikuwa na miaka sita, kofia nyekundu ya sufu kichwani na pipi mdomoni. Alikuwa mtoto wa pekee wa Bilha.

"Mama Dinah, huyu wangu aende na nyinyi? Mimi siwezi kuacha mboga, kesho ni soko."

"Mpe Nakhungu," Senge alisema.

Bilha aliuchukua mkono mdogo wa mwanawe, akautia katika kiganja cha Nakhungu. "Nakupatia mkono huu," alisema akicheka. "Unirudishie na mwenyewe."

"Ndiyo, Mama Mwihaki," Nakhungu alijibu.

Mkono wenyewe ulikuwa ukinata kwa pipi. Watoto walivuka kivuko cha reli, wakapita mabohari, wakapanda kuelekea mjini huku upepo wa Mlima Elgon ukiwapiga usoni. Mwihaki hakunyamaza hata hatua moja. Aliuliza kwa nini treni haina usukani, kwa nini mbwa wa Wazungu wananenepa, na kama nyota za Kitale ndizo zile zile za Nyeri. Kuuliza si ujinga, lakini masikio ya Nakhungu yalikuwa mbele, kwa Dinah na Chepkorir, waliokuwa wakinong'onezana na kuangua vicheko.

Langoni alisimama mlinzi wa bustani, Kibiwott, mzee wa koti refu la kaki, ambaye alimfahamu Senge kwa kusali naye kanisa moja.

"Mama Dinah, watoto wako ni wangapi? Nimeambiwa nihesabu wakiingia na wakitoka."

"Ni wengi."

"Wengi ni wangapi?"

"Mzee Kibiwott, tangu lini watoto wakahesabiwa kama magunia? Kila mmoja hapa ana wake. Watatoka vile walivyoingia."

Kibiwott alicheka, akasogea. "Haya, piteni. Lakini nikiulizwa, mimi nitasema ni wewe ulikataa."

Wakaingia, na watoto wote wakainua vichwa kwa pamoja.

Taa zilikuwa kila mahali. Zilifuata matawi ya miti, zikazunguka jukwaa la bendi, zikavuka juu ya njia kutoka mti hadi mti. Upande wa lango zote zilikuwa nyekundu. Kando ya kidimbwi cha samaki zilikuwa za buluu, na maji yalizirudisha, kila taa na pacha wake. Mbele zaidi palikuwa na msonobari mkubwa uliopambwa kwa rangi zote tangu chini hadi kileleni. Nakhungu hakuwa amewahi kuona kitu kizuri kama hicho. Aligeuka ili amwambie mtu, akakuta migongo ya watu. Wenzake walikuwa wameshakimbia huku na huku, wawili wawili, watatu watatu, wakionyeshana. Ni vigumu kueleza jinsi kitu kizuri kinavyoweza kuuma unapokitazama bila mwenzako. Macho yalimjaa machozi, na taa zikatambaa na kuchanganyika.

"Dada," Mwihaki alimvuta mkono. "Nani atazipuliza?"

"Kuzipuliza nini?"

"Taa. Kwetu mimi ndiye napuliza koroboi tukienda kulala. Hizi ni nyingi sana. Huyo mtu hataumwa kifua?"

Neno hilo kifua lilimchoma Nakhungu mahali pabaya. "Nyamaza wewe, angalia tu," alimkemea.

Mwihaki akanyamaza, lakini macho yake yalibaki juu, yakimtafuta huyo mtu.

Hapo ndipo Nakhungu aliposikia kitu alichokuwa akikitegea masikio kwa majuma mengi.

"Nakhungu! Nakhungu, njoo hapa!"

Alikuwa Dinah, amesimama na Chepkorir kando ya jukwaa la bendi, akimpungia mkono. Alikuwa akimwita yeye, kwa jina lake, mbele ya watu. Nakhungu hakufikiri mara mbili. Aliuachia ule mkono unaonata.

"Ngoja hapa, chini ya taa za buluu," alimwambia Mwihaki. "Narudi sasa hivi."

Akakimbia mpaka jukwaani, akitweta, akitabasamu. Dinah alikuwa ameshavua sweta. Alimtupia mikononi, na Chepkorir akaweka lake juu yake.

"Tushikie," Dinah alisema. "Sisi tunapanda juu tucheze. Usiyaangushe, bana, yatachafuka."

Wakapanda. Nakhungu alibaki chini, masweta mawili mikononi, tabasamu lake likiwa bado usoni kwa kuwa halikujua pa kwenda. Angeweza kuyaweka chini akarudi kwa Mwihaki. Lakini aliona aibu, na akajiambia kwamba labda wakishuka watamwambia naye apande. Walipocheza alipiga makofi. Walipocheka naye alicheka, ingawa hakujua wanachekea nini.

Kengele ikalia.

Umati wote ulimiminika kuelekea langoni. Dinah na Chepkorir walishuka, wakanyakua masweta yao, wakatokomea. Nakhungu alikimbia hadi kwenye taa za buluu. Watoto wengi walikuwa wakipita, lakini Mwihaki hakuwapo. Aliita mara mbili, sauti yake ikamezwa na kelele. Akajiambia kwamba mtoto bila shaka ametangulia na wenzake, naye akasukumwa na umati mpaka langoni.

Kibiwott alikuwa ameinua kidole aanze kuhesabu.

"Shusha kidole, mzee," Senge Lenah alimwambia, kisha akapaza sauti. "Mko na wenu?"

"Wangu yuko!" alijibu mmoja.

"Wangu yuko!"

"Wangu yuko!"

Majibu yalikuja yakimkaribia Nakhungu. Mbele yake, chini ya zile taa nyekundu, aliona kofia nyekundu ya mtoto mdogo ikiingia kati ya watu. Bila shaka ni yeye, aliwaza. Lakini mkono wake ulikuwa mtupu, na alilijua vizuri agizo la Senge. Angesema "Wangu hayuko," na watu wote wangegeuka wamtazame. Majuma yote hayo alikuwa ametamani wageuke wamtazame. Sasa hilo hilo ndilo alilokuwa akiliogopa.

"Wangu yuko," alisema.

Sauti ilimtoka ndogo, lakini ilitosha. Wakaondoka.

Njia nzima Nakhungu aliifuata ile kofia, akiwapita watu kwa viwiko. Aliifikia kwenye kivuko cha reli, ambako palikuwa na taa kubwa nyeupe juu ya mlingoti. Ndani ya mwanga huo kofia haikuwa nyekundu. Ilikuwa nyeupe, na mtoto aliyeivaa alikuwa mvulana wa landi nyingine, aliyemkodolea macho. Pale langoni, chini ya taa nyekundu, kofia zote zilikuwa nyekundu.

Njia ya mwongo ni fupi. Ya Nakhungu ilikuwa imetoka bustanini, ikaishia relini.

Senge aliwasimamisha watoto wote, kwa sababu injini ilikuwa ikirudi nyuma kwenye reli. "Mko na wenu?" aliita tena.

"Wangu yuko!"

"Wangu yuko!"

Zamu ya Nakhungu ikafika. Dinah alikuwa karibu naye, na aliuona mkono wake mtupu. Akainama sikioni mwake. "Sema tu yuko," alimnong'oneza. "Atakuwa ametangulia nyumbani. Ukisema hayuko, Mama atatuchapa sote."

Ilikuwa mara ya kwanza Dinah kumnong'oneza kitu, kama wenzake wa bombani. Nakhungu alilisikia hilo pia. Aliwaza juu ya kidimbwi, na juu ya injini iliyokuwa ikipita gizani, na juu ya Bilha akicheka huku akimtilia mkono ule kiganjani.

"Senge," alisema kwa sauti ya juu, ili asiweze kulimeza neno lake. "Wangu hayuko. Na pale langoni pia hakuwa. Nilisema uongo."

Watoto wote waligeuka wakamtazama, kama alivyojua watafanya.

Senge Lenah hakupiga kelele, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alimkabidhi Dinah wale watoto. "Wapeleke nyumbani, na kwa Mama Mwihaki usiseme neno. Neno hilo lina mwenyewe." Kisha alimshika Nakhungu mkono, wakarudi mjini, hatua za Senge zikiwa ndefu na Nakhungu akikimbia kando yake.

Walimkuta Kibiwott akifunga lango. Taa zilikuwa bado zinawaka, lakini bustani ilikuwa tupu, na bila watu ilionekana kubwa maradufu.

"Mtoto? Hapa hakuna mtoto," mlinzi alisema. Alipoelewa, alitikisa kichwa. "Mama Dinah, si ningehesabu..."

"Najua, mzee," Senge alisema kwa sauti ya chini. "Tufungulie."

Waliita kila upande. Chini ya taa za buluu hapakuwa na mtu. Kibiwott alishusha fimbo yake ndefu ndani ya kidimbwi, akaanza kupapasa chini ya maji polepole, na zile taa pacha zikavunjikavunjika. Nakhungu alifumba macho. Aliomba.

"Hakuna kitu," Kibiwott alisema mwishowe.

Senge alichuchumaa mbele ya Nakhungu, akamshika mabega. "Fikiri, mtoto wangu. Wewe ndiye uliyemshika. Alisema nini?"

"Hakusema kitu, Senge. Alikuwa akiulizauliza tu."

"Aliuliza nini?"

Nakhungu alikaribia kusema hajui. Kweli hakuwa amemsikiliza. Lakini maneno yalikuwa yameingia masikioni hata bila kukaribishwa, na sasa yakarudi. "Aliuliza nani atazipuliza taa. Alidhani zinapulizwa kama koroboi."

"Hizi hazipulizwi," Kibiwott alisema. "Ni swichi."

"Yeye hajui," Nakhungu alisema. Akainua macho kwenye ule msonobari mkubwa, mpaka kileleni, kama Mwihaki alivyokuwa akitazama. Mtu wa kupuliza taa za kule juu angefikaje? "Mzee, ngazi iko wapi?"

"Ngazi? Ile ya mafundi? Iko nyuma ya msonobari."

Nakhungu alikimbia mbele yao wote. Nyuma ya mti, kwenye kivuli, ngazi ilikuwa imeegemezwa, na kwenye kidato cha chini kabisa alikaa mtoto mwenye kofia ya sufu, magoti yamekunjwa, macho mazito kwa usingizi, mashavu yana michirizi ya machozi yaliyokwisha kukauka.

"Hajakuja," Mwihaki alisema. "Nimemngoja, hajakuja. Na wewe pia ulisema unarudi."

Nakhungu alipiga magoti. Alimkumbatia, akalia kwa sauti, kilio cha jioni ile na cha majuma yote yaliyotangulia. Mwihaki alimpapasa shingoni kwa kiganja chake kinachonata.

Kibiwott alikohoa. "Mtoto, unataka kuona anayezima? Ni mimi. Lakini leo nimechoka. Njoo unisaidie."

Aliwapeleka kwenye kibanda kidogo karibu na ua, akafungua mlango, akashika mpini wa swichi. "Puliza," alisema. "Kwa nguvu."

Mwihaki alivuta pumzi mpaka mashavu yakatuna, akapuliza. Kibiwott akashusha mpini. Nyekundu, buluu, manjano na kijani, zote zikazimika mara moja, na juu ya bustani zikajitokeza nyota.

"Weee!" Mwihaki alisema kwa mshangao mkubwa. "Nimeweza!"

Njiani kurudi Nakhungu hakuuachia mkono ule. Senge alitembea nyuma yao. Walipofika, Bilha alikuwa mlangoni, kisu cha kupunguzia kabichi bado mkononi, ameanza kuwa na wasiwasi. Senge alisimama, akangoja. Ilikuwa zamu ya Nakhungu.

"Mama Mwihaki," alianza, "nilimwachia mkono. Niliitwa na wenzangu nikamwacha peke yake. Kisha tulipoulizwa nikasema yuko, na hakuwa. Tumerudi tumempata. Kosa ni langu."

Bilha alimvuta mwanawe, akampapasa kichwa, mikono, miguu, kama mtu anayekagua chungu kilichoanguka. Kisha alimgeukia Nakhungu.

"Ungeweza kuniambia alikutoroka," alisema. "Huyu ni mtoto, ningemchapa yeye."

"Hakunitoroka."

Bilha alishusha pumzi. "Nimekasirika," alisema. "Sitaki kukudanganya, nimekasirika sana. Kesho alfajiri uje unisaidie kufunga mboga na kuzibeba sokoni. Na kesho kutwa pia."

"Nitakuja."

Nyumbani, Senge Lenah hakuingia ndani mara moja. Alikaa kwenye ngazi ya mlango, akamwonyesha Nakhungu nafasi kando yake.

"Sikiliza," alisema. "Pengine Kibiwott ana haki. Nilimzuia kuhesabu, na hilo ni langu, nitamwambia Jumapili. Lakini hata angehesabu, angejua tu kwamba mmoja amepungua. Asingejua ni nani. Asingejua huyo mmoja alitaka kuona nini. Hilo ulilijua wewe peke yako, kwa sababu wewe ndiye ulikuwa mtu wake. Ndiyo maana neno 'Wangu yuko' halichezewi. Ukilisema mkono ukiwa mtupu, wote tunaenda mbele tukiwa na amani, na mtoto wa mwenzako anabaki nyuma gizani. Uongo mwingine unaharibu jina. Huu unaweza kuua."

"Niliogopa watanitazama, Senge."

"Walikutazama. Umekufa?"

Nakhungu alitikisa kichwa.

"Kusema kweli kunauma mara moja tu, mtoto wangu, na wewe umekwisha kuumia." Kisha sauti kubwa ya Senge ikawa ndogo. "Na kuna langu lingine. Nilikupa mtu wa kumwangalia. Sikukuuliza wewe unaangaliwa na nani."

Nakhungu aliuegemeza uso wake kwenye bega lile pana. Mabehewa yaligongana kule relini, na kwa mara ya kwanza hakutega masikio asikie mto.

Asubuhi mbili mfululizo alifunga kabichi kwa Bilha. Mwihaki alikaa juu ya gunia la viazi, akiuliza maswali, na Nakhungu akayajibu aliyoyaweza. Alimweleza juu ya Nzoia, na juu ya mama yake, na kwa nini neno kifua lilikuwa limemkasirisha. Bilha alisikiliza huku akifunga mafungu. Siku ya pili alimpa kabichi moja kubwa ampelekee mama siku atakayorudi kwao. Hata Dinah, pale bombani, alisogeza debe lake kando siku hiyo. "Weka lako hapa," alisema bila kumtazama. Haukuwa urafiki bado, lakini ilikuwa nafasi.

Jumapili Senge Lenah aliwapanga watoto tena, safari hii kwenda kanisani. Nakhungu alimshika Mwihaki, wakatembea mpaka kwenye kivuko cha reli, na hapo Senge akasimama.

"Mko na wenu?"

"Wangu yuko!" alijibu Dinah, ambaye sasa alikuwa amepewa mtoto wa kushika.

"Wangu yuko!" alijibu Chepkorir.

Nakhungu aliutazama kwanza mkono wake, akahakikisha umeshika. Alipofungua mdomo, sauti nyembamba ilimtangulia kutoka chini ya kofia nyekundu.

"Wangu yuko!"

Watoto wakacheka. "Wee Mwihaki, anajibu mkubwa!" Dinah alisema. "Wewe ndiye umeshikwa!"

"Mimi pia nimemshika," Mwihaki alisema, akainua mikono yao miwili juu ili wote waone.

Senge Lenah alimtazama Nakhungu, aliyekuwa amesimama katikati ya wenzake, wote wamegeuka wanamtazama, na safari hii hakuinamisha uso.

"Amejibu vizuri," Senge alisema. "Aliyeshika ndiye wa kujibu. Haya, vukeni."